Injini Mpya Katika Gari Kuukuu: Safari ya Nguvu Kutoka Pistoni Hadi Ardhini

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki huonekana Land Rover ya zamani ikiwa imefunguliwa boneti, na kando yake injini nyingine, ya dizeli, ikingoja kutiwa humo. Nia ya mwenye gari hueleweka upesi. Bodi ya alumini haikuoza, fremu ingali imara, lakini injini imechoka, na hata ilipokuwa mpya haikuwa na nguvu nyingi. Gari la namna hii si pambo. Huenda ndilo linalompeleka mgonjwa hospitalini kutoka zahanati, au linalofikisha mbegu na mbolea kijijini wakati wa masika. Likikatika shafti porini au likikosa breki mteremkoni, hasara yake haipimwi kwa fedha peke yake.

Swali linaloulizwa kwa kawaida ni hili: je, injini yenye nguvu zaidi italiwezesha gari kupita mahali lisipoweza kupita hapo kwanza? Wengi hujibu kwamba ndiyo, bila kufikiri. Katika somo hili tutaona kwamba jibu lategemea mahali penyewe. Tutatumia hesabu za kidato cha tatu na cha nne tu: uwiano wa gia, msuguano, kazi na nguvu.

Njia inayopitiwa na nguvu

Mlipuko ndani ya silinda huisukuma pistoni, na pistoni huizungusha krenkshafti. Kutoka hapo mwendo hupitia klachi, kisha giaboksi, kisha giaboksi ya pili ambayo mafundi huiita transfa. Kazi ya transfa ni kuyagawia mwendo magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kumpa dereva nafasi mbili, ya juu kwa barabara njema na ya chini kwa mahali pagumu. Kutoka transfa mwendo hupita katika propela hadi kwenye difrenshali, yaani difu, ambayo huugeuza kuelekea pande mbili. Mwisho hupita katika shafti za ekseli hadi kwenye magurudumu.

Katika kila kituo penye gia, kani ya kuzungusha huongezeka kwa kadiri mwendo wa mzunguko unavyopungua. Kani ya kuzungusha hupimwa kwa newtoni-mita (Nm), yaani kani kuzidisha umbali wake kutoka kwenye mhimili. Gia haiumbi nguvu mpya. Hubadilishana mwendo kwa kani, kama vile wenzo unavyobadilishana umbali kwa kani.

Tuchukue mfano halisi. Land Rover Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ile fupi, yenye injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, ilikuwa na nguvu-farasi zipatazo 70, sawa na kilowati 52, na kani ya kuzungusha ya Nm 163 hivi. Uwiano wa gia zake ulikuwa kama ifuatavyo:

Gia ya kwanza: 3.68
Gia ya pili: 2.22
Gia ya tatu: 1.50
Gia ya nne: 1.00
Transfa, nafasi ya juu: 1.148
Transfa, nafasi ya chini: 2.35
Difu: 4.7

Ili kupata uwiano wa jumla, twazidisha. Katika gia ya kwanza, nafasi ya chini, twapata 3.68 × 2.35 × 4.7 = 40.65. Maana yake ni kwamba krenkshafti huzunguka zaidi ya mara 40 wakati gurudumu linazunguka mara moja.

Katika tope: injini si mkosaji

Sasa tutafute kani ambayo magurudumu yanaweza kuitoa ardhini. Tuchukulie kwamba asilimia 15 ya nguvu hupotea njiani kwa msuguano wa gia na oili, na kwamba nusu-kipenyo cha tairi lililobeba mzigo ni mita 0.38. Basi:

Kani = 163 × 40.65 × 0.85 ÷ 0.38 = newtoni 14,800, kwa kukadiria.

Gari likiwa na mzigo wake tuseme lina tungamo ya kilo 2,000. Uzito wake ni 2,000 × 9.8 = newtoni 19,600. Kani kubwa ambayo tairi zote nne zinaweza kuihimili kabla ya kuteleza ni uzito huo kuzidisha kizigeu cha msuguano. Tukikadiria kizigeu hicho kuwa 0.6 katika barabara kavu ya changarawe, na 0.3 katika tope, twapata:

Changarawe kavu: 19,600 × 0.6 = newtoni 11,760
Tope: 19,600 × 0.3 = newtoni 5,880

Msomaji alinganishe namba hizi na ile ya kwanza. Injini ya zamani, katika gia yake ya chini kabisa, tayari inaweza kutoa kani inayozidi mara mbili ile ambayo tope laweza kuihimili. Gari linalokwama topeni huku magurudumu yakizunguka halikukosa nguvu, limekosa mshiko. Kulitia injini kubwa zaidi ni kuyazungusha magurudumu yale yale kwa haraka zaidi katika shimo lile lile. Dawa ya tope ni tairi zenye meno yanayofaa, upepo wa tairi uliopunguzwa kwa kiasi, minyororo, koleo, na dereva mwenye subira.

Katika mlima: hapa injini hushitakiwa kwa haki

Mambo hugeuka tuingiapo katika barabara ndefu ya kupanda. Hapo tairi haziko karibu na kuteleza. Linalotakiwa ni kuinua uzito kwa mwendo fulani, na hiyo ndiyo maana ya nguvu: kani kuzidisha mwendo.

Katika mwinuko wa moja kwa kumi, gari letu lahitaji newtoni 1,960 ili kuushinda uzito wake. Tukiongeza upinzani wa hewa na wa tairi, tuseme newtoni 2,500 kwa jumla. Nguvu inayofika kwenye magurudumu ni 52 × 0.85 = kilowati 44.2. Mwendo basi hauwezi kuzidi 44,200 ÷ 2,500 = mita 17.7 kwa sekunde, yaani kilometa 64 kwa saa.

Lakini hesabu hiyo ni ya pwani. Katika nyanda za juu, kama vile Njombe iliyo katika mwinuko upatao mita 2,000, hewa ni nyepesi, na kila pistoni huvuta oksijeni pungufu. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hubakiwa na asilimia 80 hivi ya nguvu zake. Mwendo huo hushuka hadi kilometa 51 kwa saa. Isitoshe, hesabu hii imechukulia kwamba gia yaruhusu injini kuzunguka kwa kasi inayotoa nguvu zote, jambo lisilotokea kila mara. Ndiyo maana magari haya huonekana yakipanda milima kwa gia ya pili, yakinguruma, nyuma yao pamefuatana msururu wa magari.

Sasa tutie injini mpya. Moja iliyopendwa sana kwa kazi hii ni ile ya dizeli iitwayo 200Tdi, ya sentimeta za ujazo 2,495, ambayo ilianza kutumika mwaka 1989. Ile iliyotiwa katika Defender ilikuwa na nguvu-farasi 107 hivi, sawa na kilowati 80, na kani ya kuzungusha ya Nm 255. Injini hii ina tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo huisukumia injini hewa zaidi. Kwa sababu hiyo hupoteza kiasi kidogo tu cha nguvu zake milimani. Hesabu ile ile yatupa mwendo wa kilometa 98 kwa saa. Kwa kuwa upinzani wa hewa huongezeka mwendo unapoongezeka, tuhesabu kuwa ni kilometa 80 hivi. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Faida ya injini mpya, basi, ni ya mlimani zaidi kuliko ya topeni.

Mnyororo na pete yake iliyo dhaifu

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Anayebadili injini na kuviacha vingine vyote kama vilivyokuwa atafahamu maana yake mapema. Kani ya kuzungusha imepanda kutoka Nm 163 hadi 255, yaani kwa asilimia 56, na kila chuma baada ya injini kilipimwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Lakini vyuma hivi haviumii kwa namna moja. Inafaa tutofautishe.

Katika gia za juu, kwenye mlima mrefu, tairi hazitelezi. Giaboksi hulazimika kuupitisha mzigo wote wa Nm 255 kwa dakika nyingi mfululizo. Meno ya gia na bearingi hupata joto, oili huwa nyepesi, na vyuma hulika. Uharibifu huu huja polepole, nao hujulikana kwa mlio kabla haujajulikana kwa macho. Klachi nayo, isipokuwa na mgandamizo wa kutosha, huteleza na kuungua.

Katika gia za chini, kwenye miamba, hali ni nyingine. Hapa tairi ni kama fyuzi katika waya wa umeme: ikizidiwa, huteleza, nayo huziokoa shafti. Tuone kwa hesabu. Gurudumu moja la nyuma likibeba kilo 600 juu ya mwamba mkavu wenye kizigeu cha 0.8, haliwezi kupokea zaidi ya 600 × 9.8 × 0.8 × 0.38 = Nm 1,790, kwa kukadiria. Hata injini iwe kubwa namna gani, kani inayotumika taratibu haiwezi kuizidi namba hii kabla tairi haijateleza.

Kwa nini basi shafti za ekseli za nyuma za Land Rover fupi, zile zenye meno kumi, zimejulikana kwa kukatika? Sababu kubwa ni pigo la ghafla. Gurudumu linapozunguka ovyo hewani au juu ya jiwe lenye maji, hujikusanyia nishati ya mwendo, pamoja na propela na flaiwili ya injini. Likigusa ghafla mahali pakavu, nishati yote hiyo hutaka kutoka katika sehemu ndogo ya sekunde, na shafti hupata kani kubwa mno kuliko ile tuliyoihesabu. Injini yenye nguvu zaidi hulizungusha gurudumu kwa kasi zaidi, na pigo huwa kubwa zaidi. Mguu mwepesi wa dereva waweza kuiokoa shafti ambayo chuma bora hakikuiokoa.

Tairi kubwa nazo huongeza hatari hiyo. Tukiacha nusu-kipenyo cha mita 0.38 na kuchukua mita 0.43, fyuzi yetu imeongezwa kwa asilimia 13: shafti sasa yaweza kupata Nm 2,020 kabla tairi haijateleza. Wakati huo huo kani ya kuvuta ardhini imepungua, kwa kuwa kani ile ile ya kuzungusha yagawanywa kwa nusu-kipenyo kikubwa zaidi. Anayetia tairi kubwa na injini kubwa kwa pamoja hana budi kutia pia shafti na difu zilizo imara zaidi.

Kubadili difu

Injini ya dizeli haipendi kuzunguka kwa kasi kubwa kwa muda mrefu. Difu ya 4.7 huilazimisha kufanya hivyo. Katika gia ya nne, nafasi ya juu, uwiano wa jumla ni 1.00 × 1.148 × 4.7 = 5.40. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, gari huenda kilometa 66 kwa saa tu. Mafundi wengi huchukua difu ya 3.54 iliyotumika katika Range Rover. Uwiano wa jumla huwa 4.06, na mwendo huo huo wa injini hutoa kilometa 88 kwa saa. Kelele hupungua, na mafuta huokolewa.

Je, tumepoteza kani ya gia ya kwanza? Uwiano wa chini kabisa sasa ni 3.68 × 2.35 × 3.54 = 30.6. Kwa injini mpya twapata 255 × 30.6 = Nm 7,800 hivi kabla ya hasara za njiani, ilhali gari la asili lilikuwa na 163 × 40.65 = Nm 6,630. Kani imeongezeka bado, lakini kwa asilimia 18 badala ya 56.

Mambo mawili yasisahauliwe. Kwanza, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. La sivyo, magurudumu yote manne yakifungwa pamoja, mbele na nyuma zitashindana hadi kimoja kivunjike. Pili, spidomita ya gari hili huendeshwa kutoka transfa, kabla ya difu. Haijui kwamba difu imebadilishwa. Itaonyesha kilometa 66 wakati gari liko katika kilometa 88, na dereva ataingia konani akijidhani mpole.

Walivyofanya watengenezaji wenyewe

Mwaka 1979 watengenezaji wa Land Rover walitoa gari refu lenye injini ya petroli ya V8 ya sentimeta za ujazo 3,528, iliyokuwa ikitumika katika Range Rover tangu 1970. Hawakuitumbukiza injini hiyo na kuyaacha mengine. Walitia pia giaboksi iliyotoka katika Range Rover, yenye kuendesha magurudumu manne wakati wote, na difu ya 3.54. Uso wa gari ulisogezwa mbele hadi ukawa sawa na mabawa, ili injini na rejeta vipate nafasi. Na juu ya yote hayo, injini yenyewe ilipunguzwa nguvu hadi nguvu-farasi 91, ingawa katika Range Rover ilizidi 120. Hawa walikuwa na maabara na wahandisi, nao waliona heri injini isitoe yote iliyo nayo kuliko gari lizidiwe. Fundi wa gereji ndogo ana sababu kubwa zaidi ya kuwa na tahadhari kama hiyo.

Breki: hesabu isiyosamehe

Nguvu ya kupanda hulipwa wakati wa kushuka. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo kuzidisha mwendo kwa kipeo cha pili. Gari letu, likiwa katika kilometa 60 kwa saa, lina kilojuli 278. Likiwa katika kilometa 80, lina kilojuli 494. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini kazi ya breki imekaribia kuongezeka kwa asilimia 80.

Kwenye mteremko mrefu mambo ni mazito zaidi. Kushuka mita 300 za wima kwa kilo 2,000 hutoa 2,000 × 9.8 × 300 = megajuli 5.88. Hilo ni joto la kutosha kuchemsha karibu lita 19 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Joto lote hilo lazima lipate pa kwenda. Injini ya petroli, dereva aondoapo mguu, hufunga kilango chake cha hewa na kulizuia gari kwa kiasi. Dizeli ya namna hii haina kilango hicho, hivyo huzuia kwa uchache zaidi, na difu ya 3.54 hulipunguza zuio hilo tena. Sehemu kubwa zaidi ya joto huangukia breki za dramu, ambazo zikipata moto sana hupoteza mshiko. Dereva na achague gia ya chini kabla hajaanza kushuka, si baadaye.

Tena kuna jambo dogo lenye hatari kubwa. Katika gari la petroli lenye chombo cha kuusaidia mguu wa dereva wakati wa kufunga breki, chombo hicho hutumia ombwe linalotokea nyuma ya kilango cha hewa. Dizeli isiyo na kilango haina ombwe hilo. Hutegemea pampu maalumu. Fundi akiiacha pampu hiyo kando, au bomba lake likivuja, breki huwa nzito ghafla kama jiwe. Rejeta nayo ichunguzwe, kwa maana injini ya 200Tdi huhitaji kupozwa maji, oili, na hewa iliyosukumwa na tabo.

Mpango wa kazi

Kutokana na haya twaweza kupanga kazi kwa utaratibu ulio kinyume cha ule wa kawaida. Kwanza, mwenye gari aulizwe gari linakwama wapi: topeni au mlimani. Ikiwa ni topeni, anunue tairi, aache injini. Ikiwa ni mlimani, kazi ianze kwenye breki, ifuate shafti na difu, kisha giaboksi na klachi, kisha rejeta, na injini iwe ya mwisho. Namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari. Kwa hiyo mabadiliko yaarifiwe kwa mamlaka ya usajili.

Kwa walimu: jaribio la baiskeli

Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Wanafunzi wahesabu meno ya gia ya pedali na ya gurudumu la nyuma, wakokotoe uwiano, kisha wauhakikishe kwa kuizungusha pedali mara moja na kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Mwanafunzi mmoja alizuie gurudumu kwa kitambaa kizito, karibu na mhimili na baadaye kwenye ukingo, bila kugusa spoki gurudumu likiwa katika mwendo. Darasa lieleze kwa nini nafasi ya pili ni rahisi zaidi.

Mazoezi

1. Tafuta uwiano wa jumla wa gia ya pili, nafasi ya chini, kwa difu ya 4.7. Kwa injini ya asili, je, tairi zitateleza katika tope letu?
2. Gari lenye difu ya 4.7 limetiwa tairi za nusu-kipenyo cha mita 0.43. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika katika gia ya nne, nafasi ya juu, mwendo halisi ni upi?
3. Gari la kilo 2,500 limeshuka mita 400 za wima bila kuongeza mwendo. Nishati kiasi gani imegeuka kuwa joto?

Majibu: (1) 24.5; kani ni newtoni 8,900 hivi, kwa hiyo zitateleza. (2) Kilometa 75 kwa saa. (3) Megajuli 9.8.